Maji ya Moto Juu ya Kaburi Lako

Mayu,

Jumanne asubuhi nilichemsha maji kwenye ile sufuria yako kubwa, ile ambayo mtaa mzima ulikuwa ukija kuiazima wakati wa misiba. Nikaibeba mpaka kwenye kaburi lako, nikayamwaga maji juu yako. Yote. Sikuomba radhi siku ile, na leo Jumapili ninapokuandikia bado siombi.

Najua nimeshashtakiwa kwako. Baba mdogo Masanja alikaa pembeni mwa kaburi mpaka jua likawa kali, anakusemesha Kisukuma cha ndani ambacho hata mimi mwanao, niliyekuita mayu badala ya mama, sikukipata nusu yake. Basi na mimi nisikilize. Wewe hukuwa mtu wa kusikiliza kesi ya upande mmoja. Nilipopigana na watoto wa jirani yetu Mama Shija ulitupanga mstari, ukamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, ndipo ukatuchapa wote. Nikimaliza kusema, nichape ukiweza.

Nianzie kwenye nyasi zako, kwa sababu vita yote ilianzia pale.

Unakumbuka walivyokucheka? Mtaani kwetu hapa Bariadi kila mtu anajua uwanja wa nyumba ya mtu mwenye akili ni udongo mtupu, uliofagiliwa asubuhi mpaka ukabaki na mistari ya fagio. Nyasi ni mambo ya ng'ombe. Wewe siku hiyo ulikwenda ofisi za mkoa kufuatilia mambo ya kiwanja chako, ukakuta mbele ya jengo nyasi fupi za kijani zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi, ukasimama kuzitazama mpaka ukasahau kilichokupeleka. Ulirudi na vipande vyenye mizizi ndani ya mfuko. Mpaka leo sijui kama uliomba au uling'oa. Mama Shija akakwambia unafuga nyoka. Ukamjibu huku umeinama unapanda, "Kwani nyasi ni za mkuu wa mkoa peke yake?" Na miezi michache baadaye, mvua ziliponyesha, ukawa na kipande chako cha kijani kutoka barazani mpaka karibu na ua wa minyaa, na jioni ukawa unakaa pale miguu umeinyoosha unakunywa chai, na kila anayepita njiani anakuona.

Nyoka hawakuja. Waliokuja ni sisimizi. Udongo mtupu unamwonyesha kila anayepita, lakini nyasi zinaficha, na wale wekundu wadogo wanaouma walijenga chini ya kijani chako wakadhani wamepata kwao. Hawakujua wamehamia kwa nani. Kila asubuhi kabla hujanywa kitu ulizunguka uwanja umeinama, mikono mgongoni, unatafuta vijilima vya udongo laini. Ukikiona kimoja unakikanyaga kwa kisigino usubiri uone nani anatoka. Kisha unaniita nilete maji ya moto, na maji yenyewe yawe kwenye birika. Siku niliyoleta sufuria ulinifokea mbele ya wageni. "Birika lina mdomo, sufuria haina adabu." Ulitaka maji yaingie kwenye tundu tu, polepole, nyasi za pembeni zisiungue. Majivu uliyazungushia nyumba nzima. Miguu ya kabati la chakula ilisimama kwenye makopo ya maji. Na yale mabaki ya chai ambayo kila mgeni duniani anayazungusha kikombeni na kuyarusha nje akimaliza kunywa, kwako yalikuwa kosa la jinai. Ulimshika mchungaji mkono ukiwa hewani. Mchungaji wetu mwenyewe, ametoka kutuombea, na wewe umemshika kifundo cha mkono unamwambia asimwage sukari kwenye nyasi zako. Nilitaka ardhi inimeze.

Vijana wa ulinzi wa mtaa wakipita ulikuwa unawatania kwa jina lao la mdudu. "Wezi wanawaogopa sungusungu, na sungusungu wananiogopa mimi." Walicheka kila mara, hata waliposikia kwa mara ya mia.

Presha ilipokuangusha barazani, pamba ilikuwa inaanza kupasuka mashambani. Sitaki kuandika siku ile. Ulikuwepo.

Tulikuzika hapa, mwisho wa nyasi zako, kama ulivyoagiza. Wengine walitaka twende Bukundi, upande wa Meatu, ukalale karibu na baba. Niliwaambia maneno yako, kwamba nyumba hii uliijenga mwenyewe baada ya baba kufa, tofali kwa tofali, na hutaki kuondoka ukiwa umelala wakati hukutaka kuondoka ukiwa umesimama. Baba mdogo hakupenda, lakini alinyamaza. Alikuwa amekuja kutoka huko na dume zima la ng'ombe, akalichinja bila kuringa. Mama mkubwa Nyamizi, dada yako, alitoka Sola na michembe ya viazi na karanga na wanawake wa kikundi chake. Watu wa Nassa walileta samaki. Tulitandika maturubai juu ya nyasi, watu wakalala hapo, wakala hapo, na kila aliyekunywa chai alirusha mabaki yake nje. Hakukuwa na wa kumshika mkono.

Halafu baba mdogo akasema uwanja usifagiliwe mpaka siku ya kuanua matanga. Kwao ndivyo wanavyofanya. Alisema ukifagia mapema unamfukuza marehemu kabla hajaaga.

Nikatii, Mayu. Sikutii kwa kumwogopa. Na mimi nilitaka uchelewe kuondoka.

Watu walipotawanyika kurudi kwenye pamba zao, tukabaki watatu: mimi, mwanangu Minza, na baba mdogo, ambaye alisema hataondoka mpaka matanga yaishe. Mifupa ya samaki ikabaki kwenye nyasi. Vijiko vya sukari vilivyomwagika vikabaki. Sisimizi wakaja, mwanzoni wachache kwenye majani ya chai, kisha mstari mmoja mpaka barazani chini ya cherehani yangu, kisha kwenye unga, kisha kwenye kitanda cha Minza. Asubuhi moja mtoto aliamka jicho limevimba mpaka limefunga. Alilia akimwita bibi yake. Mimi hakuniita.

Baba mdogo aliutazama ule mstari wa sisimizi. Aliufuata kwa macho kutoka kitandani, mlangoni, barazani, ukapita katikati ya nyasi, ukaishia kwenye kaburi lako. Akavua kofia.

"Si unaona wanakotoka?" akaniuliza.

Tangu pale akawa na neno moja. Kwamba hutaki watu hapa. Kwamba umetuma wadudu watuondoe kwa upole kabla hujatuma kitu kingine. Kwamba kaya hii iachwe iwe matongo, mji wa zamani uliohamwa, watu wapite mbali wakionyesha kwa kidole kwamba pale alikuwa akiishi fulani. Mimi na Minza twende naye Bukundi, Minza anywe maziwa, mimi nitapewa chumba kinachotosha cherehani. Alisema yote haya kwa sauti ya chini, akininyanyulia mtoto, akimpaka mafuta kwenye jicho. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Angekuwa mwizi wa nyumba ningejua la kufanya, ningepiga yowe mtaa ukatoka. Lakini hakutaka nyumba. Hakutaka hata kiti. Alituogopea tu, na mtu anayekuogopea kwa dhati unamfukuzaje?

Akaita ukoo. Siku ya kuanua matanga, Jumamosi, waje waamue. Na unajua uzito wake, wewe uliyezika watu wengi. Wakikubali kwamba kaya ihamwe na mimi nikakaidi, hakuna atakayekanyaga hapa tena. Minza akiugua, mimi na yeye. Nikifa mimi, Minza na jeneza. Baba yake yuko anakokujua mwenyewe. Nilikuwa nachagua kati ya nyumba yako na watu wako, na sikuwa tayari kuacha hata kimoja.

Wakati huohuo baba mdogo akaanza kukubembeleza. Kila asubuhi, kabla jua halijapasha uwanja joto, mwanaume wa umri ule aliingia jikoni, akapuliza moto kwa mdomo, akapika uji wa ulezi. Akatia maziwa. Akatia sukari, Mayu, sukari ya kupima kwa kiganja. Akauchukua kwenye bakuli lako la bati lenye maua, akachuchumaa kaburini, akakuamkia "Mwangaluka", akangoja kama vile utaitikia, kisha akaumwaga wote polepole kutoka kichwani mpaka miguuni. Kesho yake sisimizi wakaongezeka. Akaona wameongezeka, akajua bado umekasirika, akaongeza sukari.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Halafu ungemshika kifundo cha mkono kama mchungaji.

Mimi sikuona upesi. Macho yalikuwa yamejaa maji muda wote, na mtu anayelia haoni kilicho mguuni pake. Nilimwaga majivu mlangoni, wakazunguka kwa dirishani. Nikaweka makopo ya maji kwenye miguu ya kitanda cha Minza, wakapanda kwa kufuata chandarua. Ndipo Jumatatu nikatembea kama ulivyokuwa ukitembea, nimeinama, mikono mgongoni, nikaufuata mstari wao hatua kwa hatua mpaka kwako. Nikabonyeza udongo wa kaburi kwa kidole. Walitoka wakanipanda mpaka kwenye kiwiko.

Nilikaa chini pale pale nikacheka, na kicheko kikageuka kikawa kingine. Udongo umechimbuliwa juzi, laini, unamwagiwa maji kila siku, na chakula kinaletwa asubuhi na bakuli. Bariadi nzima sisimizi angepata wapi nyumba nzuri kuliko hiyo?

Nikamwambia, "Baba mdogo, ni uji."

Alinitazama kama nimekutukana wewe. Akasema uji wa marehemu hauliwi na mdudu. Akasema sisi watoto wa mjini tumesoma kidogo tukadhani tumeelewa yote. Kesho yake asubuhi nilisikia tena anapuliza moto.

Kwa hiyo na mimi nikawasha wangu, nje, kwenye mafiga yaliyobaki ya msibani. Birika lisingetosha. Nilikuwa nimepapasa, kiota kilikuwa kimeenea chini ya kaburi zima. Ilibidi iwe sufuria, hata kama haina adabu.

Nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo wanaposema nilikuwa kichaa. Sikuwa kichaa. Nilijua uko chini sana, niliwaona wachimbaji wakiingia mpaka vichwa vyao havionekani. Nilijua maji hayakufikii. Lakini mikono yangu haikujua. Ya kwanza iliyamwaga juu ya mguu wangu mwenyewe. Nilianzia upande wa miguu, kwa sababu sikuweza kuanzia usoni. Nilimwaga kidogo, nikasimama. Nikakuambia vumilia, ni moto. Nikamwaga tena. Mvuke ukapanda, na harufu ya udongo, na harufu ya ule uji ukiiva mara ya pili ndani ya ardhi. Mayai yao meupe yakaelea juu, mengi, na wao wenyewe wamejikunja. Nilipofika kichwani nilifumba macho. Lakini nilimwaga.

Baba mdogo akatokea jikoni na bakuli mkononi. Sauti aliyotoa sijawahi kuisikia kwa mwanaume mzima.

"Kabula! Unamuunguza mayu!"

Nilidhani anamaanisha mayu wangu mimi.

Hakunipiga. Aliliweka bakuli chini, akakaa kwenye udongo wa moto, akaanza kukusemesha. Saa ile ile akapiga simu kwa kila mwenye simu katika ukoo huu. Mama mkubwa akanipigia kutoka Sola, hakunisalimia hata, "Kabula, umeshikwa na nini?" Mama Shija alichungulia juu ya minyaa akasema huzuni imenipanda kichwani. Nikamwambia aje anisaidie kufagia au aondoke kwenye ua wangu.

Maana nilifagia. Siku ile ile, matanga hayajaanuliwa. Nilikusanya mifupa yote ya samaki. Nilikwangua udongo wenye sukari kwa jembe nikaupeleka nje ya minyaa. Nilikung'uta maturubai. Nilizungushia nyumba majivu mapya, na nyasi nikazikata fupi kwa panga nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu zilikuwa zimeota hovyo na wewe ungeona aibu. Kila fagio lilipopita baba mdogo alifumba macho. Nikasema kwa sauti ili asikie. Wewe uliyefagia kila siku ya maisha yako, hata ukiwa na homa, leo fagio ndilo likufukuze? Kama fagio lingekuwa linakufukuza ungeshafika Ulaya.

Tangu siku ile hakupika uji. Alikataa hata kukaribia kaburi, akisema hana uso wa kukutazama. Na sisimizi wakakosa cha kufuata. Kijilima kimoja kidogo kilitokea pembeni mwa nyasi, nikakimaliza kwa birika, polepole, na nyasi hazikuungua. Minza akalala usiku kucha bila kujikuna. Nilimwonyesha baba mdogo sakafu iliyo safi. Akasema wameondoka kwa sababu umeumia, umeondoka nao.

Unaona nilichokuwa napambana nacho? Wakija, ni wewe. Wasipokuja, ni wewe.

Jumamosi wakaja. Walikaa kwenye nyasi zako, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, wazito, hakuna aliyenitania. Baba mdogo akasimama akanishtaki, na alinishtaki kwa haki, hakuongeza chumvi. Alisema kuhusu Minza na jicho, kuhusu mstari uliotoka kaburini, kuhusu sufuria. Aliposema sufuria, wanawake waligeuza nyuso.

Nikasimama mimi. Sikukaa na kuinamisha kichwa kama binti anayeombewa msamaha. Niliwaambia wasinisikilize mimi, wainuke wanifuate. Kabla hawajafika nilikuwa nimepika uji wa ulezi, maziwa, sukari ya kiganja, nikamwaga kijiko kwenye jiwe pale getini, mbali na wewe kabisa. Nikawapeleka huko. Jiwe lilikuwa jekundu kwa sisimizi, na mstari umeshafika kwenye minyaa ya Mama Shija. Kisha nikawarudisha kaburini. Udongo mkavu, umetulia, hakuna kinachotembea.

Waliinama wakatazama. Halafu mama mkubwa Nyamizi, na ule uso wake usiocheka, akauliza, "Kwa hiyo na hapo getini tulizika mtu?"

Walicheka, Mayu. Ukoo mzima. Hata wale waliokuja kunilaani walishika mbavu. Nilijua nimeshinda na nikatamani uwe umekaa pale barazani unaona.

Ila baba mdogo hakucheka. Alibaki amesimama peke yake, kofia mkononi, akingoja waishe. Akasema sawa, ameona, ni uji. Akasema yeye si mjinga. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya wote, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzee hata kidogo.

"Sasa mimi nitampa nini mayu?"

Hakusema shemeji. Akaeleza, na alikuwa akieleza huku anatazama chini. Kwamba ulipoolewa ukafika Bukundi, yeye alikuwa mdogo na mama yake ameshakufa. Kwamba kila alfajiri kabla hajatoka na ng'ombe ulimwita jikoni ukampa uji, na sukari ilikuwa haipatikani, lakini wewe ulikuwa na kipande cha kitambaa umefunga sukari kiunoni, unamtilia kidogo wengine wasione. Alisema hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfichia kitu kizuri. Na kwamba miaka yote hiyo hukuwahi kumwomba chochote, kwa hiyo hakujua unataka nini, alijua uji tu.

Kwa nini hukuniambia? Niliishi na wewe miaka yote hiyo. Tuliongea kuhusu kila kitu, mpaka mambo ya watu yasiyotuhusu. Huyu mtu alikuwa mwanao kabla yangu na mimi nikawa namwita wa Bukundi. Nakulaumu kwa hilo, na nikilaumu ninajua kwamba siwezi tena kukuuliza.

Pale mbele ya ukoo nilimwonea huruma. Lakini sikurudi nyuma. Kumwonea mtu huruma si kumpa nyumba yako iwe matongo. Nikaenda jikoni nikauchota uji uliobaki kwenye bakuli lako la maua, nikampa mkononi. Nikamwambia, "Ukimwaga chini wanakunywa sisimizi. Mpe mtu wake." Nikamsogeza Minza.

Baba mdogo alilipokea. Kisha akachuchumaa pale pembeni mwa kaburi, kama alivyokuwa akichuchumaa kila siku, akamshikia bakuli anywe. Minza akanywa, akajipangusa mdomo, akafikiri.

"Babu, sukari haijakolea."

Baba mdogo alilia waziwazi, mabega yakitikisika, na huku anacheka. Mimi pia. Sitaki kukuambia nani mwingine.

Mama mkubwa ndiye aliyefunga shauri, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote waliokuwepo. Hakuhutubia. Aliinuka kwa kushika goti, akaangalia nyumba, akaniangalia mimi na Minza. "Kaya hii ina watu," akasema. "Anueni matanga, pamba inanisubiri." Yakaanuliwa.

Leo asubuhi kabla ya safari baba mdogo alipika uji mara ya mwisho. Alikaa na wewe, akakusalimia, akanywa nusu yeye mwenyewe, nusu akampa Minza. Alipoinuka aliinamisha bakuli kidogo, na tone moja likadondoka juu yako. Lilidondoka kwa makusudi, nililiona. Pikipiki yake ilipokata kona nilikwenda nikaweka majivu juu ya lile tone. Usinicheke.

Nyumba imebaki. Niliitetea mbele ya ukoo mzima, na sasa hakuna atakayeniambia nihame.

Ila kuna jambo nililowaficha wote, na wewe siwezi kukuficha. Wakati baba mdogo anasema wewe ndiye uliyewatuma, nilimpinga kwa mdomo wangu wote, na ndani mwangu kulikuwa na kona ndogo iliyotaka awe anasema kweli. Hata kama umekasirika. Hata kama unatufukuza. Angalau ungekuwa bado una neno na mimi. Nimewathibitishia watu wote kwamba ule ulikuwa uji tu, na nimejithibitishia na mimi mwenyewe. Hukutuma kitu. Uwanja ni safi, nyasi ziko fupi, hakuna kinachotambaa kutoka kwako kuja kwangu. Huko ndiko kushinda kwangu, na kunaniuma kuliko jicho la Minza.

Pumzika basi, Mayu, kwenye ardhi uliyoichagua. Nakuahidi hivi: mradi nina mikono, hapa hapataitwa matongo, moto utawaka jikoni, na Minza atakua akijua ni nani aliyejenga. Baba mdogo akija atakuta mlango uko wazi na mimi nitamwita kaka nikisahau.

Na siku ukiwa na neno na mimi, la hasira au la lolote, usimtume mdudu. Nitamchemshia maji, unanijua. Njoo mwenyewe.

Kabula